Hatua Nne Hadi Kwenye Chumvi

Tarehe 12 Machi

Shemeji yangu mpendwa,

Sisi wazima, na bomba la uani limepona. Umeniita nije kukaa kwenu. Nimefunga sanduku mara mbili na kulifungua mara mbili. Situlii.

Kaka yako unamjua: miaka thelathini mhandisi wa viwanda, kazi yake kuwapunguzia watu hatua. Kiwanda cha sabuni alikipanga upya, wafungashaji wakaacha kurudi kwao na miguu iliyovimba. Wakamwita Bwana Saa.

Asubuhi ile ya mwisho akaja jikoni kwangu na chaki. “Mke wangu, kutoka kwenye jiko hadi kwenye chumvi unakwenda hatua kumi na moja. Nakupa nne.” Akahamisha rafu. Nikafoka, “Mimi si mashine yako!” Akaenda kazini, na moyo wake ukasimama hukohuko.

Jana nilishika nyundo niirudishe rafu. Nikahesabu kwanza. Ni nne kweli. Maumivu ya magoti sikuwahi kumwambia, shemeji. Kumbe alikuwa ameyaona.

Sanduku nimelirudisha uvunguni. Nitabaki. Mkikaa mezani, mnikumbuke.

Shemeji yako