Ufunguo Mfukoni mwa Fundi Halidi

Mjukuu wangu Nasra,

Salamu kutoka Mutsamudu. Shangazi yako amejifungua, wote wazima.

Unasema usukani wa gari lako kuukuu la spoti ni mzito na mkanda wa injini unalia. Enzi za mamluki wa kigeni waliotamba visiwani kwetu, nikiwa gereji Moroni, mmoja wao alileta gari kama hilo, lenye tatizo hilohilo.

“Kaza mkanda tu, nina haraka,” alisema, bastola kiunoni.

Fundi Halidi, mkuu wetu, aliona mpira wa mafuta ya usukani ukivujia mkanda. Akatia ufunguo wa gari mfukoni. “Ukifa njiani, bwana, wenzako watakuja kwangu.”

Mamluki akacheka, akaketi kungoja. Halidi alibadilisha mpira na mkanda, akampakia mamluki, akaendesha mwenyewe hadi mji wa jirani wa Ikoni. Walirudi Halidi akikata kona kwa kidole kimoja, usukani mwepesi.

Nawe kagua mpira kwanza, kisha lijaribu gari peke yako kabla hujampakia mama yako.

Bakoko, babu yako