Gudibai Uliyompigia Baba

Kaengesa, Juni 1951

Kaka yangu mpendwa Ignasi,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Tanga kwenye mkonge. Hapa baridi inatutafuna. Mama hajambo, baba ndiye hajiwezi. Kifua kimembana tangu Pasaka, hainuki tena kitandani, na sitaki kukuficha kwamba tunamwangalia kwa hofu.

Lililotutesa unalijua. Siku ulipopanda lori la Saad lililowachukua vibarua wa mkonge, baba alikuja mpaka barabarani akasimama kimya. Nawe kwa hasira ukampigia kelele, gudibai, ukageuza uso. Tangu hapo hatukuthubutu kulitaja jina lako mbele yake. Watu walisema mzee amekunyima baraka, nawe umemtukana kwa Kizungu. Na baba akifa kabla hajakupulizia maji ya baraka kutoka mdomoni mwake, nani mwingine atakufungulia njia?

Basi juzi shuleni Sista Silvana alitufundisha asili ya neno lile. Kumbe si tusi, wala si la kumfukuzia mtu dukani kama wafanyavyo vijana wa mjini. Zamani Waingereza waliagana kwa sala nzima, Mungu awe pamoja nawe. Midomo ikaitumia mpaka ikalika kama jembe la siku nyingi, kikabaki kipande hicho. Nilikimbia nyumbani nikidhani nimebeba dawa.

Baba alicheka mpaka akakohoa. Akasema hana ugomvi na neno, liwe sala au tusi. Hapo nilipandwa na hasira, kaka. Nikamwuliza kwa nini basi alikunyima baraka.

 Akasema hakukunyima. Alikuja barabarani na maji tayari mdomoni, akingoja ushuke upige magoti akupulizie, na mwenye maji ya baraka mdomoni hasemi. Lori likaondoka. Akayameza, akaona aibu kutuambia.

Nilimletea shati lako alipulizie. Amekataa, anasema shati si mtoto. Njoo, kaka. Omba ruhusa, na wakikunyima, toroka.

Mama anakusalimu sana, na dada Kristiana na watoto wake huko Mwazye pia. Nakuombea safari njema. Baba akisikia lori barabarani anaomba maji, anashika funda mdomoni, wala hasemi na mtu mpaka lipite.

Ni mimi mdogo wako,
Epifania