Wazee Wote Hurudi Ukurasa wa Mwisho

Urambo, 6 Oktoba 2024

Mwanangu Notburga,

Leo Jumapili imetimia miaka arobaini na sita, miezi minane na siku ishirini na saba tangu nilipopanda lori la kahawa hapo Litembo kwenda kuwa karani wa reli. Usidhani nahesabu kwa huzuni. Mtu aliyeandika kwa miaka thelathini na moja saa ya treni kuingia na saa ya kutoka haachi kuandika eti kwa sababu amestaafu.

Hamjambo nyote? Mumeo Zabron hajambo? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio.

Nakutumia kwa basi riwaya mpya, Koti la Mgeni. Hapa inasifiwa sana. Mwalimu Glorious wa sekondari, msomaji mwenzangu pekee, aliilia mapumziko mazima ya chai. Mimi sikulia. Nakiri mwandishi anaijua kazi: mvua yake inalowesha, na wanawake wake wanagombana kama watu wanavyogombana kweli, yaani kuhusu ndoo, huku kila mmoja akijua kwamba jambo si ndoo. Lakini ana makosa mawili. Kwanza, mzee wa hadithi anarudi kwao baada ya miaka thelathini kwa treni ambayo, kwa maelezo ya mwandishi mwenyewe, ina mabehewa ya saruji tu. Mzee wa watu anashuka kutoka kwenye saruji na koti lake jeusi, hana hata vumbi! Pili, anarudi. Chunguza riwaya za siku hizi, mwanangu: wazee wote hurudi ukurasa wa mwisho. Wanafika jioni, mbwa anawatambua, mtu anachemsha chai, kitabu kinafungwa. Mwandishi amechoka, basi anampeleka mzee nyumbani ili naye akalale.

Na runinga? Mnaitazama Balozi wa Nyumba Tisa? Wazo ni zuri sana: balozi wa nyumba kumi ambaye nyumba moja imemwangukia, naye anaogopa wakubwa wakijua watamvua ubalozi, kwa hiyo kila juma anatafuta nyumba ya kumi ya kuwadanganyia. Kwa nini basi waigizaji wanaangukaanguka hovyo? Na kile kicheko cha kurekodi kinaniudhi. Ni kama mtu kukutafunia ugali kabla hajakupa. Anayechekesha kweli ni mke wa balozi, ambaye tangu igizo lianze hajasema neno, anakoroga uji tu. Utazame mwiko wake. Mzee Ildefonsi huko nyumbani angempenda. Yeye hucheka kama mbuzi aliyepaliwa, lakini hacheki cha bure.

Baba yako mkubwa,
Isidori


Litembo, 3 Novemba 2024

Baba mkubwa, shikamoo.

Sisi wazima. Kahawa imechanua, na asubuhi ukifungua dirisha ni kama mtu amemwaga manukato barazani. Pole na goti.

Barua na kitabu vilifika Jumamosi ya sengu. Sengu imebadilika tangu uondoke. Bado kila nyumba ya ukoo inapeleka chakula kwa Babu Ildefonsi, na wanaume wanakula pamoja na kukata mashauri. Ila zamani sisi wanawake tuliweka sahani tukaondoka. Siku hizi hatuondoki, kwa sababu Babu ana runinga. Wazee walijaribu kutufukuza mara mbili, lakini mara zote ilikuwa katikati ya Balozi, na hakuna mzee aliyetaka kusimama.

Sasa sikia. Balozi anaingia kwenye banda la kuku ili aliite nyumba ya kumi, mara betri ya sola ikaisha. Giza. Mdogo wako Bernadi akapiga kelele, "Notburga ana karatasi ya stesheni masta mkobani! Atusomee, tusilale na njaa ya maneno."

Nikasoma kwa tochi. Nisamehe, nilisoma yote. Nilipofika kwa mbuzi aliyepaliwa nilikuwa nimeshachelewa kuruka. Babu akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akainamisha kichwa, nikajua nimekwisha. Kisha akacheka, na baba mkubwa, ni mbuzi! Ni mbuzi kabisa! Watu walianguka kuliko waigizaji wako.

Alipopata pumzi akasema, "Isidori amenena vizuri. Lakini kwenye sengu hii asiyeweka sahani hasemi. Sahani yake iko wapi?"

Nikaisogeza yangu. "Hii hapa, Babu. Ni ya baba mkubwa." Akaikagua: ugali, maharage, na usipa, dagaa wa ziwani, ambao Zabron alipanda nao kutoka kwao Mbamba Bay. "Haya, aendelee," akasema. Sahani yako aliila Bernadi.

Nimeagizwa nikuulize jambo. Shamba lako la mlima wa Lihanje limekaa bila mwenyewe tangu baba yangu, mdogo wako Wendelin, afariki. Mwezi wa tatu, kabla watu hawajachimba mashimo ya ngolo kwa ajili ya maharage, sengu itakata shauri juu yake. Babu anauliza: unarudi au hurudi? Amesema neno la mwenyewe halipingwi na mtu.

Mwanao,
Notburga


Urambo, 24 Novemba 2024

Mwanangu Notburga,

Natumaini hamjambo. Mimi nimepona aibu leo asubuhi tu. Mwombe radhi Mzee Ildefonsi, na umwambie nilikusudia mbuzi mwenye heshima.

Kwa kuwa sasa nina wasikilizaji, naandika kwa uangalifu. Nimesoma Hakimu Hana Shangazi. Hiki ndicho kitabu! Hakimu amehamishiwa wilaya ambayo kila mshtakiwa anatokea kuwa ndugu wa mkewe. Mwandishi hasukumi kichekesho. Anakiacha kije chenyewe kama kuku jioni. Kuna ukurasa ambapo shangazi anamletea hakimu embe mahakamani, na hakimu hajui aliweke wapi. Anahukumu kesi nzima akiwa na embe mkononi. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza kama nimepata habari. Nakituma. Msome kwa zamu, na Bernadi anawe mikono kwanza.

Kuhusu kile unachouliza, ni jambo la kufikiri. Wasalimie.

Baba yako mkubwa,
Isidori


Litembo, 29 Desemba 2024

Baba mkubwa, shikamoo. Heri ya Noeli na mwaka unaokuja.

Hakimu amezunguka ukoo mzima. Alirudi na alama ya mafuta ukurasa wa tisini, na Bernadi anasema si yeye, ni hakimu mwenyewe na embe lake. Krismasi tuliposhuka Mbamba Bay, mama mkwe wangu Siwema alinipokonya kitabu akakisoma ufukweni mpaka usipa aliouanika ukaliwa na kunguru. Anasema utume vitabu vyenye sura fupi.

Barua yako ilisomwa mbele ya sahani yako, kama kawaida. Babu alisikiliza, akasema, "Embe nimelisikia. Shamba je?" Nikasema, "Anafikiri, Babu." Akasema, "Tangu sabini na nane?" Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka.

Nikueleze ilivyo. Bernadi anataka kupanda mikaratusi Lihanje. Anasema mti hauhitaji mtu wa kukaa nao. Wengine wanaogopa itakinywa kijito. Mimi kwa miaka sita nimekuwa nikilima kona ya juu, ili mashimo ya ngolo yasizibwe na mvua. Zabron ndiye anayefyeka na kulaza majani, mistari ya kwenda na ya kukatisha, kisha mimi nachimba. Majirani wanamtania, "Mvuvi ametega wavu mlimani!" Naye huwajibu kwamba maharage hayana mbio kama usipa. Bernadi alisema mbele ya watu, "Binti aliyeolewa ziwani, shamba lake ni maji." Sikujibu. Sahani niliyokuwa nimeweka ilikuwa yako, siyo yangu.

Ukirudi utakuta pamesafishwa. Tuambie tu.

Mwanao,
Notburga


Urambo, 19 Januari 2025

Mwanangu,

Salamu kwa wote. Goti limepoa.

Balozi wa Nyumba Tisa wameharibu: wameleta mapacha. Mchekeshaji akiishiwa huleta mapacha, kama vile mtunzi wa riwaya akiishiwa huleta barua iliyopotea. Lakini mke wa balozi bado yuko kimya, bado anakoroga. Huyo nitamvumilia.

Mwalimu Glorious na mimi tumebishana juma zima kama Koti la Mgeni ni riwaya kubwa. Amesema sina moyo. Nimesema nina ratiba.

Lile jambo jingine nitaliandikia vizuri baadaye.

Baba yako mkubwa,
Isidori


Litembo, 9 Februari 2025

Baba mkubwa, shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi tu wazima.

Barua hii haina ya Babu wala ya sengu. Ni ya msomaji kwa msomaji. Nimemaliza Koti la Mgeni, mara ya pili, nami nina maoni, ukiniruhusu.

Treni ya saruji sikuiona, na hata ningeiona nisingejali. Kilichonikera ni kingine. Uliandika kwamba mzee akifika "mtu anachemsha chai." Nilitafuta ukurasa huo. Mwandishi naye ameandika hivyo hivyo: mtu. Baba mkubwa, mtu huyo ana jina. Anaitwa Eliza, ametajwa ukurasa wa arobaini, ni binti wa mdogo wa yule mzee. Amefagia nyumba ile miaka kumi na tisa. Ameezeka paa. Kila mwaka anamuuliza kwa barua kama atarudi, mzee anamjibu kuhusu hali ya hewa.

Mimi nilimlilia huyo. Mzee akirudi, Eliza atalala wapi usiku ule? Kitabu kimefungwa, hatuambiwi. Na kama asingerudi, Eliza angesubiri mpaka lini? Wewe unasema kosa la mwandishi ni kumrudisha mzee. Mimi nasema arudi au asirudi, ni haki yake. Kosa ni kwamba kwa kurasa mia tatu mzee haandiki ndiyo wala hapana, na mwandishi anadhani hiyo ni huzuni nzuri.

Nisamehe kama nimevuka. Sengu ni Jumamosi ya tarehe kumi na tano mwezi wa tatu.

Mwanao,
Notburga


Urambo, 2 Machi 2025

Mwanangu Notburga,

Barua hii naomba isomwe kwenye sengu, yote, bila kuruka hata mbuzi.

Baba Mdogo Ildefonsi, shikamoo. Ndugu zangu, salamu. Hamjambo? Mimi ni mzima. Miaka arobaini na saba, mwezi mmoja na siku ishirini na moja.

Naanza na kukiri kosa. Nimesoma vitabu maisha yangu yote nikijidai hakuna kinachonipita. Niliona saruji ndani ya behewa. Sikumwona aliyechemsha chai. Notburga amenionyesha. Mwalimu Glorious nilimsomea maoni yake, akasema huyo ndiye msomaji, mimi ni mkaguzi wa treni. Sina rufaa.

Niwaambie pia kuhusu Balozi, kwa sababu najua kwenu betri huisha. Juma lililopita wakubwa walikuja kuhesabu nyumba. Balozi anatoa jasho, anawazungusha, anawaonyesha banda la kuku lenye pazia. Ndipo mkewe akauweka mwiko chini, akasema maneno mawili, ya kwanza tangu igizo lianze: "Nyumba tisa." Basi. Hawakuweka hata kicheko cha kurekodi. Na mnajua wakubwa walifanya nini? Waliandika tisa, wakaomba uji. Nilicheka sana, kisha nikakaa na barua za Notburga mapajani nikaona aibu, kwa maana nami nimekuwa nikitundika pazia kwenye banda.

Sababu ni hii. Siku isiyo na ukungu, ukisimama juu ya Lihanje, Ziwa Nyasa linaonekana chini kule kama uzi wa buluu. Nililiona mara ya mwisho nikiwa na miaka ishirini na nne, asubuhi ya lori. Nimeishi nalo hapa penye vumbi na tumbaku. Niliogopa kwamba nikiandika lile neno, uzi utakatika. Ni mawazo ya mzee msoma riwaya. Ziwa lipo, Zabron huvua humo kila anaposhuka.

Hapa nina kaburi la mke wangu Eunice, mwendo wa dakika sita kutoka relini. Kila Jumapili namweleza nilichosoma, na kama alivyokuwa akiwa hai, hakubaliani nami. Nina mwalimu wa kubishana naye. Nina kiti kinachojua goti langu. Sijapotea, ndugu zangu. Nilihama, nikafika.

Sasa shamba. Lihanje, kuanzia kona ya juu hadi kijitoni, nampa Notburga binti Wendelin, alime ngolo yeye na mumewe mtega wavu. Hili ni neno la mwenyewe. Bernadi, mdogo wangu, mikaratusi ipande kwako, maji ya kijito yaache. Na zile sahani ulizokula kwa jina langu zilikuwa chakula cha usiku cha Notburga. Niliambiwa kwa mzaha, nikacheka, sikuuliza zilitoka wapi. Kula chako.

Notburga, usiniwekee sahani tena. Weka yako, ukae, useme. Vitabu vyangu nitavituma kwa basi, sanduku moja moja, na vyenye sura fupi vitatangulia kwa mama Siwema. Nitaendelea kuandika, nawe utaendelea kunisahihisha.

Mliuliza swali moja mwezi wa kumi na moja. Jibu ni hili.

Sitarudi.

Baba yako mkubwa,
Isidori