Mabamba ya Risasi ya Kiti cha Mbele

Jumamosi. Manyunyu tangu alfajiri, baridi ile ya Julai inayofanya mtaa wetu wa Ziwani mzima unuke makaa. Nguo zangu ziko kwenye kamba siku ya tatu sasa, na moyo wangu uko huko huko.

Barua pepe imekuja kutoka kiwandani, huko ng'ambo. Glaida yetu haitafika Septemba. Sasa wanasema Januari, na wanatushukuru kwa uvumilivu wetu. Sijui nani aliwaambia tunao.

Kwa asiyejua, glaida ni ndege ya mabawa marefu inayoelea bila injini. Klabu yetu ndogo, kwenye uwanja wa nyasi nje ya mji, iliagiza ya viti viwili yenye kiinjini kinachochomoza mgongoni, kinaipandisha, kisha kinajikunja na kulala. Haihitaji mtu wa kuivuta. Ndiyo maana tuliichagua.

Mtu wa kuvuta alikuwa kaka yangu, Wanjala.

Miaka ishirini na miwili aliketi kwenye winchi, yaani injini ya lori iliyofungiwa ngoma ya chuma, akikunja waya kwa kasi mpaka glaida ya zamani inapaa kama tiara. Mimi klabu ilinifundisha kurusha kwa sababu nawachomelea vyuma vyao, na kila niliporuka ni yeye aliyenivuta. Amevuta madaktari, mapadri, hata bibi harusi mmoja na shela yake. Yeye mwenyewe hajawahi kupanda. Ukimuuliza ananinyoshea mimi kidole, "Nani atavuta? Barasa? Huyu hata kamba ya ng'ombe alikuwa anaachilia."

Basi tukakubaliana kwamba glaida mpya ikifika, safari ya kwanza ni yake. Yeye mbele, mimi nyuma.

Kisha akaanza kuugua tumbo.

Kiti cha mbele kinataka mtu asiyepungua kilo sabini, la sivyo pua inakuwa nyepesi na ndege haisikii usukani. Anayepungua huongezewa mabamba ya risasi, ile metali nzito, yanafungwa kwa bolti mbele ya miguu yake. Nayamimina mwenyewe kwenye karakana yangu Kariobangi. La kwanza lilikuwa la kilo tatu, tukalicheka.

Sasa yako saba.

Kila Jumamosi nampeleka kwa Mama Njoki, muuza skrapu tunayepakana naye. Ana mizani kubwa na hana maswali. Leo Wanjala ameketi juu ya mizani na lile koti lake zito, mikono kwenye magoti, kama anapigwa picha ya pasipoti.

"Baba Nekesa," Mama Njoki akamwambia, "leo nikununue kama chuma ama aluminiamu?"

"Shaba, mama. Na usinipunje."

Arobaini na tisa. Pamoja na koti.

Nikamwambia risasi inayotakiwa imefika kilo ishirini na moja. Akanitazama. "Barasa, ukiendelea hivi utarusha risasi peke yake." Akacheka mpaka akashika mbavu. Mama Njoki akajifanya anatafuta kitu kwenye aproni.

"Na wazungu wamesemaje?" Wanjala akauliza.

"Hivi karibuni."

"Karibuni ya Ziwani ama ya huko kwao?"

Nikakwepesha macho, yakaangukia ngoma ya winchi.

Iko pale nyuma ya mizani, imeegemea ukuta, inaota kutu. Winchi niliikata mimi. Tulipoagiza glaida mpya klabu iliuliza winchi ya nini tena, ikamuuzia Mama Njoki, nikaleta mtungi wa gesi wa kukatia, nikaimaliza asubuhi moja huku Wanjala akinionyesha pa kukata. Injini ilichukuliwa, siku hizi inasaga unga mahali. Ngoma ilibaki kwa sababu hakuna mkokoteni ulioiweza.

Glaida ya zamani, ya viti viwili pia, iko kibandani uwanjani, nzima, inalala na popo.

Nitaandika hapa kitu ambacho sijamwambia mtu. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia kaka yangu, "Shuka, nifundishe kuvuta." Nilikuwa nikisema ni yeye anakataa.

Ukweli ni kwamba nilipenda kupanda.

Wanjala aliona ninapotazama. Akashuka kwenye mizani taratibu, akanishika bega, si kwa mapenzi, ni ili asianguke. "Ile ngoma ni nzima," akasema. "Ulikata miguu tu. Hata kukata hujui."

Tangu hapo sijatulia. Wa kurusha pale klabuni tuko wengi. Wa kuvuta hayupo hata mmoja. Injini za lori Kariobangi zimejaa, chuma ninacho, mabamba yako mlangoni. Daktari hataji Januari. Akiulizwa husema, "Tuone."

Je, mtu anaweza kujifunza kwa wiki chache alichokikwepa miaka ishirini na miwili, mwalimu akiwa kwenye kiti cha plastiki, amefunikwa blanketi, akimtukana?

Kesho ni Jumapili. Mama Njoki hufungua baada ya kanisa, nami nitaifuata ile ngoma.