Vesti ya Elisante

Same, Jumatatu

Hata winga wetu hajawahi kukimbia hivyo. Nilipofungua kompyuta asubuhi kukagua mbio za wachezaji wa timu, vipimo vya Elisante, beki wetu wa kati, vilionyesha kuwa jana, siku ya mapumziko, alikimbia kutoka Mwanga hadi Shighatini bila kusimama. Mlima mtupu!

Nikamwita. Mtu mzima yule akainamisha kichwa.

"Dada, nilivaa ile vesti yenye kifaa cha kupima mbio nikapanda bodaboda kwenda kumwona mama. Kocha kila siku ananiita mvivu. Nikaona niongeze kilomita."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Anayeniudhi ni kocha. Anawapanga wote kwenye orodha moja kwa kilomita walizokimbia, mawinga juu, mabeki chini, halafu anauliza nani aachwe. Nimemwambia mara ngapi kwamba kazi zao si moja... Na mkataba wa Elisante unaisha msimu huu.

Leo sikubishana. Nilifuta ile safari ya bodaboda, nikawaweka mabeki wa kati kwenye orodha yao peke yao, nikampelekea kocha. Elisante ndiye wa kwanza. Kocha akatazama, akaguna, akasema, "Kumbe." Kwake hiyo ni hotuba. Sijui kama itadumu hadi mwisho wa msimu, ila nimeridhika.

Jioni nikampa Elisante habari.

"Kwa hiyo nilipanda mlima bure?"

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Alifurahi mno, sikuwa nimeenda tangu Krismasi."

Nimemwambia Jumapili aende tena. Vesti aniachie mimi.