Mama Hataki Kufika Mikono Mitupu

Mweso, tarehe 14 Septemba 2025

Kwa Jean-Claude, Kisangani

Mpendwa kaka yangu Jean-Claude,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe, wifi yangu Myriam na watoto wote wa nyumbani kwako. Mnaendeleaje? Ule mgongo wako umetulia au bado unakusumbua? Nilisikia vyakula vimepanda bei huko, tena wengine wakasema vimeshuka. Habari za Kisangani zikifika huku zinakuwa zimechoka kama sisi, basi sijui niamini ipi.

Sisi tuko. Nikikuandikia kwamba tuko salama utacheka. Tunakula mara moja kwa siku, maharagwe yakipatikana, na yasipopatikana tunakula sombe, majani ya muhogo peke yake. Mashamba yetu kule Kingi hatujayaona tangu mvua za mwaka jana, maana njia ikifunguliwa leo, kesho inafungwa. Mume wangu Jean-Bosco anafanya kibarua cha kupasua mawe, na mimi miguu inavimba. Nimechoka, kaka. Nalisema hapa mara moja ili nisilirudie kila mstari.

Sasa habari za Mama. Tumbo lile halikupona. Muuguzi alituambia tumrudishe nyumbani tumpe anachopenda, na anachopenda ni uji wa mtama tu, vijiko vichache, kisha anageuza uso. Analala katika nyumba ya duka aliyotuachia marehemu Papa Jérôme, chumba cha nyuma, karibu na dirisha. Najua ukilisoma jina hilo unakunja uso. Kunja tu, halafu endelea kusoma.

Ninachotaka kukueleza kilianza na jirani yetu Nyiransengimana, mama mmoja aliyekimbilia hapa kwa ajili ya vita. Binti yake Noëlla alifia njiani, na hakupata hata nafasi ya kumzika vizuri. Alikuja kumwona Mama, akamwinamia.

“Mama Emérita, weye njo unatangulia. Ukifika kule kwa Mungu, unitafutie mutoto yangu Noëlla. Umwambiye kama sikumuacha kwa kupenda. Ni mbio njo ilitutenganisha.”

Mama hakushangaa. Alimuuliza huyo binti alikuwa amevaa kikwembe cha rangi gani, ili amtambue.

Tangu hapo wanakuja kila siku, hasa wale waliokimbia. Mmoja anataka marehemu mume wake ajue kwamba mbuzi alizaa mapacha. Mwingine anamwomba dada yake msamaha. Mzee mmoja alitaka tu mke wake aambiwe kwamba bado anamkumbuka, akaona haya, akaondoka bila kuaga. Mama anashika yote, na asubuhi ananisomea kutoka kichwani nimsikilize kama hajachanganya. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini wetu wanamwacha mwenyeji hoi. Nimemtania kwamba amekuwa kama lori la Butembo, kila mtu anapandisha mzigo wake juu bila kuuliza kama springi zinaweza.

Niliogopa isije ikawa dhambi, nikamuuliza Papa Sylvain, katekista wetu. Alijibu kwamba sisi tunaamini ushirika wa watakatifu, kwamba kifo hakitukati na waliolala katika Bwana, tunawaombea nao wanatuombea. Kuhusu salamu, alisema hakuona ubaya. Kisha nikamwona anabaki nyuma chumbani, na yeye akampa Mama neno la kumpelekea baba yake.

Lakini kaka, pamoja na mizigo yote hiyo ya watu, Mama hataki kuondoka. Padri akitaka kuja kumpa mpako wa wagonjwa, anasema bado. Maumivu yanampinda, nasi tunajua hayatapungua, naye anajishikilia. Nilidhani anaogopa kufa. Siku moja nikimwosha ndipo aliponiambia kwamba kufa hakuogopi. Anaogopa kukutana na Papa aliyetuzaa.

Unakumbuka ulichosema siku ile ndugu zake Jérôme walipoleta mbuzi wa mahari ya Mama. Ulisimama uani mbele ya wageni ukamuuliza Mama siku atakapofika mbinguni atamwambia nini Papa Benoît. Ukatoka, ukapita Walikale kwa miguu, ukafika Kisangani, na hadi leo unanipigia simu mimi, yeye humpigii. Sikulaumu. Wewe ndiye uliyechimba kaburi la Papa kule Kingi, mvua ikikupiga, bado kijana mdogo, wakati mimi nilikuwa mgongoni mwa Mama. Ulikuwa na haki ya kuumia. Lakini ulimi hauna mfupa. Wewe ulilisema neno lile mara moja, yeye amelisikia kila siku.

Papa Sylvain alijaribu kumtuliza. Alimkumbusha yule mwanamke wa Injili aliyeolewa na ndugu saba mmoja baada ya mwingine, na Yesu alivyojibu kwamba katika ufufuko mambo ya kuoa na kuolewa hayapo tena. Alidhani ameleta dawa. Mama akalia machozi.

“Sasa kama kule hakuna bwana na bibi, nani atanijua? Nilikuwa na mabwana wawili, na weye hauniachie hata mumoja!”

Maskini Papa Sylvain, alikuja kumwondolea bwana mmoja akamwondolea wote wawili. Tulicheka, hata Mama alicheka akishika tumbo. Halafu akageukia ukuta, na siku hiyo hakuonja uji.

Mimi si mtu wa kusoma sana. Mbingu siijui, na uchovu nilio nao unanifanya niombe tu kwamba kule kuwe na mahali pa kukaa chini. Ila naamini tutawaona watu wetu na watatujua, la sivyo Mungu angetupa moyo wa kupenda hivi kwa nini? Na naamini upendo wa kule haunyang'anyani. Mimi naona Papa na Papa Jérôme walishakutana zamani, na kama wanagombana basi ni juu ya nani asogee ili Mama apate nafasi. Nilimwambia Mama hivyo. Alinitazama kama anavyomtazama mtoto, akasema neno ambalo ndilo limenifanya nikuandikie.

“Watu yote wananipa maneno ya kupelekea watu yao. Mutoto wa kwanza ya Benoît hajanipa hata moja. Nitafika kwake mikono mitupu?”

Nikasema nitampa langu. Akakataa.

“Weye haukumujua. Jean-Claude njo alimufunika udongo.”

Unajua kwetu hakuna anayekwenda kumtembelea mtu bila kitu, hata kama ni maharagwe kidogo yaliyofungwa kwenye pembe ya kikwembe. Mkono mtupu haulambwi. Mama amebeba mizigo ya Mweso nzima, lakini kwa mtu mmoja anayemwogopa hana cha kushika mkononi. Ndiyo maana hafi, kaka, na ndiyo maana hapumziki.

Barua hii anakuletea Kanyere, binti wa Papa Jérôme. Alikuja kumwona Mama, sasa anarudi Butembo na kutoka huko atashuka Kisangani na biashara yake ya maharagwe. Anajua unavyoiona familia yao, na amekubali bila kusita. Ningekupigia simu, lakini nikimtaja Mama tu unaniambia mtandao mbaya, hata siku ambayo mtandao ni mzuri. Barua huwezi kuikata.

Siombi umwombe Mama msamaha. Hata kumsamehe, kama moyo bado haujafika, sikulazimishi. Naomba umpe neno la kumpelekea Papa. Sema katika simu ya Kanyere, yeye ataituma sauti yako, nami mtandao ukinyanyuka nitaiweka sikioni mwa Mama. Liwe fupi, liwe refu. Kama ulilo nalo ni hasira, mpe hiyo hasira, ataibeba na kumfikishia mwenyewe. Amebeba mazito zaidi.

Jean-Bosco anakusalimu sana. Watoto wanakusalimu wewe, mjomba wao wa Kisangani ambaye hawajamwona, na Mumbere, kaka yake Kanyere anayelinda duka, naye anakusalimu ingawa anaogopa kukwambia. Mungu aliyekuvusha msitu ule akulinde na nyumba yako, atukutanishe tena, huku au kule.

Ukimaliza kusoma, Kanyere atakuwa bado amesimama mlangoni kwako. Mwambie aingie, mpe maji ya kunywa. Halafu useme na Papa.

Wako akupendaye, mdogo wako,

Vestine