Stoo Yenye Kufuli

Machakos, 6 Septemba 1998

Kwa mwanangu Kasyoki,

Pokea salamu nyingi kuliko mahindi ya Kathiani mwaka wa mvua. Mimi niko mzima, goti tu ndilo linanikumbusha umri. Wewe unakula vizuri huko Lokichogio? Picha yako ya koti la mifuko mingi nimeitundika sebuleni, na mgeni haoni chai kabla hajaitazama. Nawaambia, huyu anasimamia stoo za misaada, na bado akikutana na mzee anainama kabla ya kusalimia.

Ile nyumba uliyosikia inauzwa nimeiona. Kumbe ni ya marehemu Umar, nyuma ya msikiti. Unajua mimi nilikuwa nikiwapelekea maziwa mlango wa nyuma, na mke wake, Bi Safiya, msichana wa Kathiani kama mimi, akinipimia kikombe kwa kikombe. Sasa nitaingia mlango wa mbele na ufunguo mkononi. Mabati yameoza na mchwa wamekula dari, lakini kuta ni za mawe, na ule mlango wa kuchongwa bado umesimama. Tukibadilisha mabati na kupiga rangi, hata D.O. wa tarafa atauliza ni ya nani.

Anayeuza ni Festus, aliyekuwa karani wa Umar. Anasema Bi Safiya alihamia Malindi kwa mashemeji akamwachia kazi ya kuuza. Jambo moja tu. Nyumba imefungwa miaka miwili na uani kumefagiliwa. Festus anasema ni upepo. Nimezeeka Machakos na sijaona upepo unaokusanya takataka kwa kona.

Mama yako mwenye furaha,
Nthambi

Lokichogio, 20 Septemba 1998

Mama mpendwa,

Natumai goti limepoa. Mimi niko salama, ni joto tu. Nimefurahi kwamba nyumba umeipenda. Huyo Festus sijawahi kuonana naye, na nyumba naijua kwa nje tu, kwa hivyo macho yangu ni wewe. Wakili atakuletea karatasi mwisho wa Oktoba, uweke sahihi kwa niaba yangu. Mambo ya kufagia usijali, wala ile stoo ya uani yenye kufuli. Festus ataimaliza hiyo kabla hujahamia. Wewe chagua rangi.

Mwanao,
Kasyoki

Machakos, 4 Oktoba 1998

Mwanangu Kasyoki,

Salamu, na natumai joto limepungua. Goti linaendelea. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Mimi sikukuandikia habari ya stoo. Unasema unaijua nyumba kwa nje, na ukiwa barabarani huwezi kuona uani. Kufuli umeijulia wapi?

Jana nilirudi huko. Kweli stoo iko, na kufuli ni mpya. Nilipotaka kugonga, Festus alinishika mkono.

"Mama, humo kuna nyuki."

"Nyuki gani hao wanapikiwa uji?" nikamwambia, kwa sababu sufuria ilikuwa hapo mlangoni, bado inatoa moshi.

Rangi nimechagua, ni krimu. Lakini nijibu kwanza.

Mama yako,
Nthambi

Lokichogio, 17 Oktoba 1998

Mama,

Salamu. Habari ya stoo niliambiwa na watu. Tafadhali weka sahihi, kuna mtu wa Nairobi anaitaka hiyo nyumba. Mengine nitakueleza Krismasi. Na vile nakujua, usiwapeleke wale wanawake wa kikundi chako cha mwethya, wa kusaidiana kazi, kusafisha. Ngoja kwanza.

Kasyoki

Machakos, 1 Novemba 1998

Kasyoki,

Afya yako nitaiuliza mwisho.

Jana niliwapeleka. Wanawake wote wa mwethya, kumi na wanane na majembe yao. Nilimwambia Festus sinunui nyumba yenye magugu. Na sitakudanganya, nilitaka pia wenzangu waione. Nzisa alianzisha wimbo wa kulima, sisi tukaitikia. Alipofika ubeti wa pili, mtu aliitikia kutoka stoo. Majembe yakasimama. Ile sauti ikaendelea peke yake mpaka mwisho, bila kukosea hata neno.

Kufuli tuliivunja kwa jembe. Ni Bi Safiya. Miguu yake imekufa, na Malindi hajafika. Hajauza nyumba, hajaweka sahihi popote. Kabla hatujamtoa nje Festus alikuwa amekimbia, chifu anamtafuta.

Nilimwosha, nikampikia. Alinijua. "Nthambi wa maziwa, umeingilia mlango gani?" Nikamwambia wa mbele. Akacheka.

Halafu akaniambia kwamba mwezi wa nane Festus alikuja na kijana. Kijana alipima kuta, akamulika tochi kona ya stoo, akamwona. "Alikuwa na adabu sana," akasema. "Aliinama kabla ya kunisalimia. Kisha akafunga mlango."

Nilimuuliza alivaa nini. Alisema koti, mifuko mingi mpaka mikononi.

Karatasi za wakili nimezirudisha bila sahihi. Picha yako iko ndani ya bahasha hii. Andika nyuma yake kama ni wewe au si wewe, halafu uirudishe. Wageni wanauliza imeenda wapi, nami nawaambia iko kwa fundi, inawekwa kioo.

Unakula vizuri?

Bado mama yako,
Nthambi